Joka, Fisi na hofu ya mtoto usiku

MZAZI, umewahi kusimulia hadithi ya Sungura na Fisi huku umechoka, ukajikuta umempa Fisi akili na Sungura ulafi? Basi unajua kilichofuata: “Siyo hivyo!” Mtoto wa miaka minne, ambaye hakumbuki alikoacha kandambili zake, anakumbuka vizuri kwamba Fisi hashibi.

Huo si utundu. Anajua sungura wa kweli haongei, lakini ndani ya hadithi anataka kila mmoja abaki na tabia yake. Kanuni zikishikwa, anaweza kubashiri kinachokuja na hofu anaimudu.

Wamakonde wanalijua hilo siku nyingi, kuanzia Newala na Tandahimba hadi ng’ambo ya Mto Ruvuma. Katika ngoma ya midimu, ambayo upande wa Msumbiji huitwa mapiko, mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani na mwili wote hufunikwa nguo. Kwa desturi, wasiopita jandoni hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake kuna mtu. Ngozi ikionekana, yule wa kutisha anageuka kuwa jirani wa nyumba ya pili.

Waliotengeneza Game of Thrones, tamthilia ya falme, majoka na wafu wanaofufuka iliyorushwa na HBO kuanzia 2011 hadi 2019 kwa vipindi 73, waliponzwa na jambo hilohilo. Mwanzoni safari moja ilichukua vipindi kadhaa. Mwishoni watu walivuka nchi nzima kama aliyetoka Mtwara kwa baiskeli asubuhi akala mchana Bukoba. Mei 2019 kikombe cha kahawa kilionekana juu ya meza ya karamu, kikafutwa baadaye. Kikombe kilichekesha tu. Kilichoudhi ni Daenerys, mkombozi wa watumwa, kuchoma mji uliokwisha kusalimu amri. Dalili zilikuwapo, ila mageuzi yalikimbizwa mno. Watu zaidi ya milioni moja walisaini ombi mtandaoni wakitaka msimu wa mwisho urudiwe.

Tamthilia hiyo ni ya watu wazima, ina damu na ngono, na mtoto hapaswi kuwa mbele yake hata kama “haelewi Kiingereza.” Lakini nyumba nyingi zina runinga moja sebuleni, na simu ya kaka haina mlango. Kipande kidogo kinatosha: usiku mtoto hataki kwenda choo cha uani.

Kumwambia “ni uongo, lala” mara nyingi hakusaidii. Anajua ni uongo na bado anaogopa. Muulize wale wafu wametoka wapi na wanashindwa na nini. Kwenye tamthilia hiyo, moto huwamaliza. Akishapata kanuni, mweleze kwamba ni waigizaji waliopakwa rangi, nao kazi ikiisha hunawa uso wakala chakula. Halafu chukua tochi, msindikize, bila kumcheka mbele ya wenzake.

Hofu ikidumu wiki kadhaa, akikosa usingizi, akikataa shule au akianza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, mpeleke kituo cha afya.