Mpaka Unaoruka Visiwa

Mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya Ziwa Victoria haukufuata mkondo wa maji wala njia za wavuvi. Unaanzia digrii 1 kusini mwa ikweta, yanapokutana maji ya Kenya, Uganda na Tanzania yetu, kisha unaelekea kaskazini ukiruka kisiwa hadi kisiwa na kugusa ncha ya magharibi ya kila kimoja. Waingereza waliuandika mwaka 1926. Nchi zote mbili zilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo mita mia mbili huku au kule hazikumkosesha mtu usingizi.

Visiwa vilivyotajwa ni Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta na kuendelea. Katika kaunti ya Homa Bay usiulizie Ilemba wala Kiringiti. Watu wa Mbita wanavijua kama Remba na Ringiti. Pyramid, chenye jina la Kizungu, kiko kusini zaidi, upande wa Migori. Migingo, jirani yake, haimo kabisa katika maelezo hayo.

Na kwa nini ingetajwa? Ni mwamba wa takriban nusu ekari. Leo umefunikwa na vibanda vya mabati vilivyobanana kama magamba ya samaki, humo mkiwa na vilabu vya pombe, maduka na vyumba vya kulala, ilhali Usingo, kisiwa kikubwa zaidi, kiko mita 200 tu mashariki yake na hakigombewi na mtu. Kilichowaleta watu hapa ni sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta. Samaki huyo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na viwanda vilipoanza kusafirisha minofu yake Ulaya bei ilipanda. Baadaye alipoadimika karibu na nchi kavu, mwamba ulio jirani na maji ya kina ukawa na thamani kuliko shamba.

Uganda ilipeleka polisi kisiwani na kutoza wavuvi ushuru. Kenya ikapinga, na kufikia 2009 mambo yalikuwa moto. Vipimo vya mwaka huo viliiweka Migingo mita 510 ndani ya Kenya. Rais Museveni alikuwa ameshasema kwamba mwamba ni wa Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kwa mpaka wenyewe hakukosea sana: mvuvi akivuka hizo mita 510 kwenda magharibi, nyavu zake zimo Uganda, na sangara wengi wako huko.