Mwekezaji wa Mtera na jina la mwenyeji



Katika mazungumzo yetu ya redioni wiki hii nilijibu swali la msikilizaji mmoja wa Mtera, pale barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapopita juu ya bwawa. Amempata rafiki, raia wa nchi ya nje, anayetaka kufuga samaki katika vizimba ndani ya bwawa, na papo hapo kununua samaki wa wavuvi na kuwauza mjini. Fedha mgeni anazo. Kinachomsumbua ni namna ya kuishi nchini kihalali. Mtu mmoja anayejiita mshauri wa uwekezaji amempa njia ya mkato: kampuni iandikishwe kwa jina la mwenyeji, kiwanja kinunuliwe kwa jina la mwenyeji, na mgeni awe anaingia na kutoka kwa viza ya matembezi. Msikilizaji anauliza kuna ubaya gani, maana yeye atapewa chochote kila mwezi.

Ubaya upo, na sehemu kubwa itamwangukia yeye mwenyewe. Mgeni akiharibikiwa atapanda ndege. Mwenye jina atabaki Mtera.

Tuanze na biashara yenyewe, kwa kuwa kibali hufuata biashara, na watu wengi hulipindua jambo hili. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo mna biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Mna pia kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, udalali, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini, kununua mazao shambani na nyinginezo. Ufugaji wa samaki haukutajwa. Kwa hiyo mpango wa huyu bwana una miguu miwili, na mmoja umekwisha kukatwa: kufuga anaweza kuomba, lakini kuchuuza samaki wa wavuvi hawezi. Mshauri anayestahili kulipwa angelisema hilo siku ya kwanza, kabla hata chai haijapoa.

Na amri hiyo haikumsahau mwenyeji. Mgeni anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza yake au kibali chake cha ukaazi hufutwa. Raia anayemsaidia naye ana fungu lake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Hicho “chochote cha kila mwezi” inabidi kipimwe kwa mizani hiyo.

Kampuni nayo si pazia la kujifichia. Tangu mwaka 2020 sheria ya makampuni inataka BRELA wajulishwe mmiliki manufaa, yaani mtu anayefaidi na kuiamuru kampuni hata kama jina lake halimo katika hisa. Kodi ikidaiwa, TRA watamwita mkurugenzi aliyeandikishwa, wala hawatamtafuta rafiki yake. Cha kushangaza ni kwamba uficho huu hauna hata sababu. Mgeni anaruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni ya Tanzania kwa jina lake mwenyewe, na akitaka mwenyeji awe mbia, mwenyeji apewe hisa za kweli kwa maandishi.

Sasa kuhusu makaratasi ya kuishi. Wengi hudhani kibali ni kimoja, kumbe ni viwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira kwa wasio raia. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na mwekezaji huomba daraja A. Daraja B ni la waajiriwa, na daraja C ni la wengine kama wanafunzi na wamisionari. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kisha huombewa upya, na wakati huo mtu huulizwa alichokifanya. Aliyekuja na mpango wa vizimba na akaonekana hana hata kimoja majini atakuwa na kazi ya kueleza. Kuja kuangalia mazingira na kuzungumza na wabia kunafaa kwa viza ya biashara, ambayo haizidi siku 90. Viza ya matembezi si ya kufanyia kazi, hata kama mtu anaifanya kazi hiyo akiwa amevaa kaptura.

Yupo pia anayeamini kwamba bila cheti cha uwekezaji hakuna kibali. Si hivyo. Cheti kilikuwa kikitolewa na Kituo cha Uwekezaji, TIC, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Tangu Julai 2025 kazi hiyo imo mikononi mwa TISEZA, mamlaka iliyounganisha TIC na EPZA. Sheria ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha mtaji kwa anayetaka cheti: dola za Marekani 500,000 kwa mgeni na 50,000 kwa mzalendo. Faida ya cheti ni nafuu za kodi na wepesi wa kuingiza wataalamu wa mwanzo. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuomba daraja A bila cheti, ila nafuu hizo hatazipata.

Nikae kidogo kwenye ardhi na maji, kwa sababu hapo ndipo fedha za wageni huzama.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hati hukaa kwa mamlaka ya uwekezaji, naye mgeni hupata haki ya kuitumia kwa muda. Ardhi nyingi ya kando ya bwawa ni ya vijiji. Ardhi ya kijiji ni lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, na ikizidi hapo suala huenda kwa Waziri. Karatasi iliyopigwa muhuri na mjumbe mmoja chini ya mbuyu haimhamishii mtu kitu. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa zinazoweza kuharibu mazingira.

Ukingo upi? Hilo ndilo swali la Mtera. Bwawa hili lilijengwa kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, na tangu mwaka 1988 linazalisha umeme lenyewe, megawati 80. Likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Nchi ile ni tambarare, hivyo maji yakishuka mita chache ukingo hukimbia mbali sana. Katika ukame ulioleta mgao wa umeme wa mwaka 2006 maji yalishuka hata chini ya hiyo 690. Anayefuga samaki pale anafuga ndani ya tangi la TANESCO. Kabla ya kununua wavu mmoja, mpango wake uonyeshe vizimba vitakwenda wapi mwaka wa kiangazi, na aende ofisi ya bonde la Rufiji kwa habari za maji, NEMC kwa tathmini ya mazingira na idara ya uvuvi kwa leseni. Mshauri wa njia ya mkato hakutaja hata moja kati ya ofisi hizo.

Basi alipwe nani? Wakili, awe katika orodha ya mawakili na awe na leseni hai ya mwaka huu. Mhasibu aliyesajiliwa na NBAA. Kwa mradi kama huu, na mtaalamu wa samaki. Ada za Serikali zilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si katika simu ya mtu. Anayeahidi kibali “kwa mkono” kwa sababu anajuana na mkubwa fulani ni kishoka tu, kama wale walioipa TANESCO jina baya.

Na wewe msikilizaji wetu, ukiletewa mkataba wa ubia usiutie sahihi siku hiyo hiyo. Mtafute wakili wako mwenyewe, asiwe yule wa mgeni. Mwombe akusomee kwa Kiswahili vifungu vitatu: hisa zako ni ngapi, nani anadaiwa kampuni ikifilisika, na unatokaje siku ukitaka kutoka.