Ngao ya Bakteria Hulipiwa

Majitaka ya sehemu ya Eastlands, jijini Nairobi, hupitia mtambo wa Kariobangi kabla ya kumwagwa katika Mto Nairobi. Ndani ya maji hayo wamo bakteria waliotoka matumboni mwa maelfu ya watu, na pamoja nao vimo virusi vinavyowala. Virusi hivyo huitwa bakteriofeji, au feji kwa kifupi, na havina haja na seli ya binadamu. Kirusi kimoja hujibandika kwenye ganda la bakteria na kumwaga DNA yake ndani. Baada ya kama nusu saa bakteria hupasuka na kutoa virusi vipya mia moja au zaidi. Kwa hesabu hiyo bakteria wangekuwa wamekwisha zamani sana, nao hawajaisha. Wengi hudhani kwamba kinachowaokoa ni ukuta mgumu. Kwa maoni yangu, ushahidi unaonyesha jambo jingine: bakteria wana ngao nyingi, zote zinavuja, na kila moja ina bei. Anayetaka kutumia feji kutibu watu au mifugo hana budi kuijua bei hiyo.

Chukua kisahani cha maabara kilichopandwa Salmonella, kisha kidondoshewe majitaka yaliyopitishwa kwenye chujio laini lisilopitisha bakteria hata mmoja. Kesho yake bakteria wametanda kisahani kizima mfano wa utando juu ya maziwa yaliyopoa, na katika utando huo mna vitundu vya mviringo vilivyo wazi kabisa, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Kila kitundu ni mahali ambapo kirusi kimoja kilianza kazi na uzao wake ukawamaliza bakteria wote wa jirani. Kiache kisahani siku mbili zaidi, nawe utaona vidoa vikiota katikati ya baadhi ya vitundu. Hao ni wazao wa bakteria walioponea. Swali ni wameponaje, na wamepoteza nini.

Njia ya kwanza ni kuondoa kitasa cha mlango. Feji nyingi za Salmonella hushika minyororo ya sukari iliyo juu ya ganda la bakteria, na asiyekuwa na minyororo hiyo hashikiki. Lakini minyororo hiyo hiyo ndiyo inayomsitiri dhidi ya kinga iliyo katika damu yetu. Akiitupa amekwepa kirusi na kujiweka wazi kwa mwili wa mgonjwa. Njia ya pili ni vimeng'enya vinavyokata DNA ngeni, ambavyo dalili zake zilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuwapatia Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Bakteria huipiga DNA yake chapa, kama mfugaji anavyowapiga ng'ombe wake, na kimeng'enya hukata isiyokuwa na chapa. Hapa pia pana uvujaji. Mara mojamoja kirusi huchapwa kabla ya kukatwa, na kuanzia hapo uzao wake hupita kwa bakteria wa aina hiyo kana kwamba ni wa nyumbani.

Ya tatu, CRISPR, ilithibitishwa mwaka 2007 kwa bakteria wanaogandisha mtindi. Watafiti wa kampuni ya Danisco, wakiwemo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, waliwaachia bakteria hao virusi, kisha wakasoma DNA ya walionusurika. Walikuta vipande vipya vilivyonyofolewa kutoka kwa virusi vyenyewe na kupangwa kwa safu, kumbukumbu ambayo mtoto hurithi kwa mama. Kipande kikiondolewa, kinga hutoweka. Kirusi nacho kikibadilisha herufi chache za DNA yake mahali panapohusika, kumbukumbu inaweza kukosa kazi.

Ngao inayonivutia kuliko zote imo katika bakteria wanaoua watu wa kwetu. Salmonella wa aina ya ST313 huingia kwenye damu badala ya kuishia tumboni, na huwashambulia zaidi watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye HIV. Mwaka 2009 DNA ya sampuli kutoka Malawi na Kenya ilionyesha kwamba hili ni tawi la pekee, lililoenea Afrika na sugu kwa dawa kadhaa. Ndani ya DNA ya tawi hili amelala mpangaji: kirusi kiitwacho BTP1. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba mpangaji huyu ana jeni, bstA, inayofanya ulinzi. Kirusi kigeni kikiingia, protini ya BstA hukusanyika pale kinapojinakili na kukizuia. Seli haiponi, hufa, ila hufa bila kuzaa virusi vipya, na ndugu zake husalimika.

Mtu atauliza: kiumbe atapataje faida kwa kufa? Jibu liko katika ukoo. Bakteria waliotanda mahali pamoja mara nyingi ni nakala za mzazi mmoja, kwa hiyo jeni inayomuua mmoja huendelea kuishi ndani ya wengine elfu waliookolewa. Katika ST313 kuna faida ya pili: jeni ni mali ya kirusi kilicholala, nacho kinalinda nyumba kinamoishi. Hata kimejiwekea msamaha, kipande cha DNA kinachoizima BstA pale BTP1 yenyewe inapoamka kujinakili.

Pingamizi la pili huletwa na wanaosema kwamba kwa kuwa ngao ni nyingi hivi, feji zitashindwa kama antibayotiki zinavyoshindwa. Wanasahau kwamba dawa iliyo kwenye chupa haijibadilishi, ilhali kirusi hujibadilisha. Mwaka 2013 zilitangazwa protini za virusi zinazoizima CRISPR. Mwaka huo huo ilionyeshwa kwamba ICP1, feji ya kipindupindu iliyopatikana kwa wagonjwa wa Bangladesh, imejitwalia CRISPR na kuitumia kuvunja kinga ya bakteria. Pingamizi la tatu lina uzito kuliko yote: virusi vinavyolala ndani ya bakteria vinaweza kumpa silaha, na sumu yenyewe ya kipindupindu hutokana na jeni za kirusi, jambo lililofahamika mwaka 1996. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua feji zinazoua tu na zisizolala, na kusoma DNA yake yote kabla hazijamgusa mgonjwa au kuku.

Nimetaja kuku kwa makusudi, kwa kuwa Nairobi hiihii watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) wamekuwa wakitafuta feji za kupambana na Salmonella katika ufugaji wa kuku. Kwa kazi ya namna hiyo, bakteria wa kufanyia majaribio ni muhimu sawa na feji. Feji inayomaliza Salmonella wa maabara ya Ulaya asiye na BTP1 inaweza kugonga mwamba kwa ST313 aliyetolewa katika damu ya mtoto wa mtaa wa Korogocho au Dandora, na kosa halitaonekana mpaka wajaribiwe pamoja. Vidoa vinavyoota katikati ya vitundu navyo visitupwe na kisahani. Wapandwe upya bakteria hao, waonjeshwe damu na dawa ambazo hazikuwaweza wazazi wao, ili ijulikane wamelipa nini. Kisha chujio lirudishwe kwenye majitaka ya mtaa uleule, kutafuta feji inayoshika kile walichobaki nacho.