Barabara ya Mombo–Lushoto Ianzie Vugha

Kutoka Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, barabara ya Lushoto huingia korongoni na kupanda kona baada ya kona. Kwa kilomita zipatazo 33 tu, msafiri hutoka kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, akipita maporomoko ya Soni, migomba na bustani za mboga zilizoning'inia mitelemkoni. Simulizi anayopewa njiani huwa fupi: Wajerumani walilikimbia joto la pwani, wakapata baridi ya Usambara, wakajenga mji wao wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Si uongo. Reli yao, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo masetla na mizigo yao wakawa na njia rahisi ya kuufikia mlima. Ila anayeianzia historia ya barabara hii kwa reli ameingia barazani shauri likikaribia kwisha. Haelewi Wajerumani walimkuta nani, wala kwa nini kuushika mlima huu na tambarare iliyo chini yake lilikuwa jambo moja.

Mlima ulikuwa na mji mkuu wake. Vugha, si mbali na Soni, ndiko walikotawala Wakilindi, ukoo unaojihesabu kutoka kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, akawapa Wasambaa nyama, akaua simba, nao wakamtawaza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vugha nchi iliyoshuka hadi Bonde, na neno lake lilisikika hata katika miji ya pwani iliyokuwa chini ya sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, alipotaka kuanzisha kazi yake huku mwaka 1848, ilimbidi apande Vugha kumwomba Kimweri ruhusa. Nguvu hiyo haikutokana na majeshi peke yake. Wasambaa waliamini kwamba mfalme aliyeshika utawala bila mpinzani huiponya nchi, mvua ikanyesha na chakula kikapatikana. Wakubwa wakigombana, nchi hudhurika na njaa huingia. Kodi ilipanda mlimani kwa imani hiyo.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, mambo yakageuka, na hapa ndipo barabara ya leo inapoanza kueleweka. Mwanawe Semboja hakuutegemea mlima. Alikaa Mazinde, tambarareni, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana kwa urahisi kuliko Vugha. Mwenye bunduki sasa aliweza kumshinda mwenye mvua. Vita vya urithi vikafuata, watu wakatekwa na kuuzwa utumwani, na Wabondei wakaasi na kuwafukuza Wakilindi kwao. Wajerumani waliikuta nchi iliyokwisha kupasuka namna hiyo. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mfalme Vugha. Reli yao ikapita ukingo uleule wa milima uliomtajirisha Semboja, na makao yao ya utawala wakayaweka juu. Kwa hiyo barabara ya Mombo hadi Lushoto iliunganisha upya vitu viwili ambavyo Wakilindi walishindwa kuvishika pamoja: biashara ya chini na mamlaka ya juu.

Wapo watakaosema kwamba Vugha hakuna cha kumwonyesha mgeni, kwa kuwa nyumba zake zilikuwa za miti na nyasi, ilhali majengo ya Kijerumani yamesimama. Hoja hii ina uzito kwa mwenye kuongoza watalii, ila haiamui kitu. Misitu ya kaya za Wamijikenda huko Kenya haina majumba ya mawe, na bado UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, kwa sababu mahali, makaburi na kumbukumbu za watu ni ushahidi pia. Vugha ina ziada ambayo sehemu nyingi za bara hazina: historia yake iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Ni kweli kwamba habari ya Mbegha na simba ina sura ya hekaya. Hata hivyo hekaya hiyo inatuambia Wasambaa walidai nini kwa mtawala, yaani awalishe na awalinde, na kipimo hicho ndicho walichowahukumia waliomfuata Mbegha. Wala kuieleza Vugha si kuwapamba wafalme. Mazinde nayo isimuliwe, pamoja na watu waliouzwa.

Kipimo hicho hakikufa na Wajerumani. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta mitelemkoni ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa ukipotea kweli, na wataalamu hawakubuni tatizo. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, wasiotii walitozwa faini, na mfalme Mkilindi akawa upande wa serikali. Watu walikataa, na moja ya lawama zao ilikuwa ileile ya zamani: wakubwa wanaidhuru nchi. Kabla ya muongo huo kwisha mpango ukaachwa, na baada ya uhuru utawala wa machifu ukafutwa. Mitelemko yenyewe huonekana waziwazi unapopanda kutoka Soni kwenda Lushoto, ikiwa imelimwa karibu hadi juu, na hakuna jengo la boma linaloweza kueleza mgogoro ule vizuri kuliko mashamba hayo. Halmashauri na waongoza wageni wakitaka kuweka vibao vya historia kwenye njia hii, cha kwanza kiwekwe Soni kuelekeza Vugha, cha pili Mazinde, cha tatu mbele ya mashamba hayo, vyote kwa Kiswahili na Kisambaa, ndipo kifuate cha Wilhelmstal.