Ukungu wa Yale na uso wa rafiki

Mpwa wangu anasoma chuo, na kila wanapopata Jumamosi ya wazi yeye na wenzake hupanda matatu ya Voi, wakapita Mwatate, wakapanda kona kwa kona mpaka Wundanyi, kisha wakashika njia ya miguu kwenda mlima Yale, katika milima ya Taita, Kenya. Yeye ndiye mpiga picha wao. Hakuna aliyemchagua, simu yake ina kamera yenye nafuu kidogo, na ana subira kuliko wenzake. Mwezi Juni alinijia amekunja uso, akanipa simu.

"Mjomba, hebu tazama hii. Tulikuwa watano pale juu na mimi mwenyewe siwatambui wenzangu."

Nikatazama. Nyuma ukungu umetanda mweupe mpaka pembeni mwa picha. Mbele yake kuna jiwe, na juu ya jiwe watu wanne wamesimama, weusi tii kama waliokatwa kwa mkasi. Mabega yanaonekana, nywele zinaonekana, shati moja jeupe limegeuka kijivu cha majivu. Nyuso hazipo. Mtu wa tano ni yeye, aliyeshika simu.

"Kamera imekufa?"

Haikufa. Ilifanya kazi yake sawasawa. Nimepiga picha za watu kwa riziki miaka mingi, za paspoti, za harusi na za matanga, na swali hili la mpwa wangu ndilo ninaloulizwa zaidi na vijana wanaopanda milima hii. Jibu lake ni fupi, ila ukilielewa vizuri utajua kupiga picha popote pale, kwa simu yoyote.

Kamera haijui inachokitazama. Hupima wingi wa mwanga unaoingia kwenye lenzi, kisha hukisia. Makisio yenyewe ni ya zamani: kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake, mbingu, majani, ukuta na watu, utapata kijivu cha wastani kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwenye shamba la mahindi lililopigwa na jua la asubuhi makisio hayo hukaribia ukweli. Ndani ya ukungu wa Yale yanakwenda kombo. Ukungu ni matone madogo mno ya maji, na kila tone hutawanya mwanga kila upande, kwa hiyo picha nzima inakuwa imejaa weupe. Kamera ikipima, inaona mwanga ni mwingi kupita wastani, inaubana mpaka ule weupe uwe kijivu. Ikiubana kwa ukungu, imeubana na kwa marafiki zako. Wao tangu mwanzo walikuwa na mwanga mdogo kuliko ukungu ulio nyuma yao. Sasa wanabaki gizani kabisa.

Simu za siku hizi zinajitahidi. Hutafuta nyuso, hupiga fremu kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha ili mbingu isichomeke na watu wasizame. Lakini nyuso zikiwa ndogo ndani ya fremu, au zimegeuka upande, au kofia zimeshuka, simu hurudi kwenye makisio yake. Hapo inabidi wewe uiambie.

Kuiambia si kazi ngumu. Gusa uso wa rafiki kwenye skrini, si katikati ya picha. Simu nyingi zitaonyesha kijiduara au kimraba, na pembeni yake alama ya jua. Sukuma alama hiyo juu polepole huku unatazama nyuso tu, mpaka uone macho. Ukibonyeza na kushikilia kidole, simu nyingi hufunga kipimo hicho kisibadilike mtu mwingine anapoingia kwenye fremu. Sisi tunaotumia kamera kubwa tunahesabu kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya uliotangulia. Kwenye ukungu mzito mimi huanza kwa kuongeza stopu moja, na watu wakiwa mbele yake nikafika hata mbili. Ukungu utageuka mweupe mtupu, na usiuhurumie. Hukupanda saa mbili nzima ili uuone ukungu ukiwa na rangi ya saruji.

Kuna sababu nyingine ya nyuso zetu kupotea. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kuliko ngozi nyeupe, na teknolojia ya picha za rangi ilikuzwa na watu waliokuwa wakipima kwa ngozi zao. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilitumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu kusawazisha rangi. Mashine ikimtoa yeye vizuri, ilihesabiwa iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Tecno baadaye iliziuza simu zake za Camon katika soko letu kwa kunadi kamera inayoijali ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google nayo ikaleta marekebisho ya aina hiyo kwenye Pixel 6. Mambo yamekuwa nafuu kweli. Hata hivyo, msichana mweusi aliyevaa shati jeupe la shule mbele ya ukungu bado ni mtihani kwa kamera yoyote. Pima usoni, shati litajitetea.

Kabla ya hayo yote, futa lenzi. Simu hukaa mfukoni pamoja na jasho na vumbi jekundu la Voi, na mafuta ya kidole kwenye kioo hutandaza mwanga juu ya picha nzima kama pazia. Picha nyingi tunazosingizia ukungu zilihitaji pindo la fulana tu.

Zamani hakukuwa na skrini ya kugusa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza akiwa mwanafunzi Dar es Salaam na kamera ya Box Brownie ya mkono wa pili. Ile ni sanduku lenye lenzi. Haina kipimo cha mwanga. Kijana mwenye Brownie alikuwa na uamuzi mmoja tu, naye ni asimame wapi jua likiwa wapi. Nadhani hiyo ilikuwa shule kubwa kuliko tunavyodhani, maana mwenye simu husimama alipofika, akatarajia programu imfanyie mengine.

Basi tuseme la jua. Wundanyi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi zisizofika 4. Katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na miezi mingine halikai mbali sana na hapo. Mwanga wa saa sita unaangukia paji la uso na pua, macho yanakuwa mashimo mawili. Usiwapange watu juani saa hizo. Waingize kwenye kivuli cha mwembe au kibaraza cha duka, wasimame karibu na ukingo wa kivuli wakitazama nje kwenye mwanga. Ardhi inayowaka jua mbele yao itawarudishia nuru laini usoni. Jioni nayo usichelewe: huku kwetu machweo hayana ucheleweshaji wa Ulaya, jua likizama una kama dakika ishirini tu za nuru ya kufaa.

Kisha kuna lalamiko la Kilimanjaro. Ukipanda Vuria, kilele kikuu cha milima ya Taita chenye mita 2,208, na asubuhi ikawa safi, mlima unauona magharibi. Kundi zima linapiga kelele, simu zinatolewa. Nyumbani unafungua picha, unaona mbingu, nyika, na kitu kidogo cheupe kama punje ya chumvi. Kwa nini?

Tuhesabu. Kutoka Vuria hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni zaidi ya kilomita 100. Kwa umbali huo mlima, pamoja na ukubwa wake wote, unasimama mbele ya jicho lako kwa nyuzi 2 au 3 tu. Kamera kuu ya simu ikilazwa huchukua karibu nyuzi 50 kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo mlima unapata sehemu moja ya ishirini ya kimo cha picha, na hiyo ndiyo haki yake. Jicho ni tofauti: likiupenda mlima, akili inautupa ukingo wote wa mbingu na kuukuza mlima. Lenzi haipendi kitu.

Kukuza kwa vidole viwili hakusaidii sana kama simu haina lenzi ya mbali. Unakata tu pikseli zilezile na kuzitanua. Dawa ni kuacha kudai mlima uwe mkubwa. Mweke rafiki yako mbele, hatua kumi hivi kutoka kwako, ameupa mlima uso na wewe amekupa bega. Udogo wa ule mlima nyuma ya bega lake sasa unasema umbali, jambo ambalo ni kweli. Na piga mapema. Asubuhi jua liko mashariki, nyuma yako, linaimulika theluji moja kwa moja. Likisonga, joto la nyika linapandisha vumbi na unyevu, mlima unafutika.

Ndani ya msitu wa Ngangao, hapa hapa Taita, shida inageuka. Majani yamefunga juu, mwanga ni haba, kamera inafungua mlango wake kwa muda mrefu na kila kitikisikacho kinatoka kimefifia. Egemea mti, banza viwiko mbavuni, piga mara tatu. Usiwashe fleshi, inamulika jani la karibu na kuuzima msitu.

Sasa nifike pale ambapo ningependa mwanafunzi akae kidogo. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti hapa Wundanyi, na watafiti wake wakiongozwa na Profesa Petri Pellikka waliwahi kulinganisha picha za Taita zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004. Walikuta msitu wa asili umepungua kwa nusu katika muda huo. Waliopiga zile za 1955 hawakuwa na habari ya watafiti wa 2004. Walipiga, tarehe ikaandikwa, mahali pakajulikana, picha zikatunzwa. Hiyo tu ndiyo iliyozigeuza ushahidi.

Nyuma ya marafiki wa mpwa wangu kuna mstari wa miti. Ukiukuza utajua ni mikaratusi na misonobari iliyopandwa, au ni miti ya asili iliyobaki. Picha ya matembezi inayo habari hiyo bila kukusudia, na inaipoteza kwa uzembe mdogo sana. Simu huandika ndani ya faili tarehe, saa, na ukiruhusu hata mahali. Lakini ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, faili linabanwa na habari hizo zinavuliwa. Baada ya kupita kwenye makundi matatu na simu kupotea, kinachobaki ni vijana juu ya jiwe, mahali fulani, siku fulani. Ile ya asili ihifadhi mwenyewe, au itume kama faili la hati. Na andika maneno: wapi, lini, nani.

Hilo la nani lina upande wa pili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu ni data yake. Albamu yako ya nyumbani sheria haiigusi. Mambo hubadilika picha inapotangaza biashara au shughuli: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini baa moja ya Nairobi kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Mimi sheria ninaiheshimu, ila kuna adabu iliyotangulia. Mama anayeuza ndizi sokoni Wundanyi, msalimie, nunua, kisha uombe. Na mapango ya mafuvu, ambako Wadawida, wenyeji wa milima hii, waliweka mafuvu ya wazee wao kwa ukoo, si mandhari ya selfi. Mapango hayo ni makaburi ya watu wenye wajukuu hapa hapa. Usiingie bila mzee wa mahali hapo, na akisema simu ibaki mfukoni, ibaki.

Mwezi Agosti walirudi. Walilala Wundanyi kwa akina mwenzao mmoja, wakawahi Yale, wakakuta ukungu uleule. Mpwa wangu alitafuta jiwe lile la Juni, akasimama alipokuwa amesimama kwa kulinganisha na picha ya kwanza, akawapanga wenzake vilevile, akagusa uso wa aliye katikati na kusukuma jua juu. Jioni alinitumia picha kama hati. Nyuma ni weupe mtupu, na kwenye kona ya kulia matawi ya mkaratusi yanachungulia. Mbele, nyuso nne zimejaa: mmoja anacheka amefumba macho, mmoja ana tone la maji puani.

Chini yake alikuwa ameandika: "Yale, 2 Agosti 2025, saa mbili na robo asubuhi, ukungu," na majina manne kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha mstari mmoja zaidi: "Mimi niko huku, nimewashika kwa simu."