Mvua ikinyesha, watoto wacheze wapi?

Ndugu wamemba wa koperative, hapa kwetu Kivu ya Kusini mvua inaanza mwezi wa Septemba na kumalizika Mei. Ni miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo tunapanda, tunapalia, tunavuna, na wamama wanashinda shambani. Katika gazeti hili tunaongea sana juu ya mbegu na mbolea. Leo tuongee juu ya watoto wadogo, ambao mvua inawakosesha pa kuchezea.

Mwezi wa tatu, wakati wa kupanda msimu B, nilifika ku koperative moja ya mlimani kugawa mbegu ya mahindi. Mvua kali ikatukuta. Wakubwa tukasimama ku baraza, watoto wakaingia mu depo na kupanda juu ya magunia. Kisha kitambo nikaona mtoto mmoja wa miaka kama mitatu, mikono yake myekundu. Ilikuwa rangi ya mbegu iliyotiwa dawa. Na gunia lile, ni mimi niliyeliacha wazi.

Tulimvua nguo, tukamnawisha kwa sabuni na maji mengi, tukatazama mdomoni. Hakuwa ametafuna kitu, Mungu asifiwe. Nilipoanza kuwafukuza wengine, mama yake akaniuliza: "Agronomu, batoto baende wapi? Mu nyumba ya kupikia kuko moshi. Inje kuko radi."

Nilikosa jibu, kwa sababu alisema kweli. Wataalamu waliopima radi kwa satelite walikuta Kabare yetu ni ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Chini ya mti si mahali pa kukingia mvua. Moshi wa kuni nao unaharibu mapafu ya watoto. Lakini kumkalisha mtoto kimya siku nzima pia si vizuri: Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri tangu 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 acheze na kujongea angalau dakika 180 kila siku.

Depo yenye dawa: hapana

Mbegu yenye rangi nyekundu au ya kijani imetiwa dawa. Gunia la kilo 100 likianguka linaweza kumuua mtoto. Kibaya zaidi ni vidonge vya kuua wadudu wa mahindi, vile vya fosfini: vikipata unyevu vinatoa gesi yenye kuua. Kugawanya depo kwa bashi hakutoshi, maana gesi inapita. Dawa zikae mu chumba chenye mlango wake na kufuli, mbali na watu.

Wapi basi?

Tazameni kwanza vile viko tayari. Mashule mengi yanabaki na vyumba bure mchana. Ongeeni na direkta. Kanisa pia linakuwa bure siku za kazi. Kama koperative iko na hangari isiyowekwa dawa, mjue kwamba wakati wa kupanda, mavuno mengi yamekwisha kuuzwa. Nafasi inapatikana wakati ule ule wamama wanaihitaji zaidi. Nyumbani, baraza pana inatosha kwa watoto wanne au watano, mkichimba mfereji ili maji yasiingie.

Mahali pakipatikana, tandikeni mikeka. Magunia ya zamani yanafaa kama yalibeba chakula tu na yamefuliwa. Yaliyobeba mbegu ya dawa au mbolea, hapana. Bido za dawa pia si vitu vya kuchezea, hata zikioshwa. Watoto wapewe vigunzi vya mahindi vya kujengea, mpira wa majani makavu ya migomba, kamba ya kuruka, na nyimbo. Maharagi msiwape wadogo: wanayaingiza puani.

Nani atachunga?

Ile koperative ya mlimani ilikubaliana hivi: kila siku ya kupanda, wamama wawili wanabaki na watoto mu chumba cha shule, na siku yao inahesabiwa kama salongo. Wengine wanapanda shamba lao. Mwanzoni wababa fulani walisema kuchunga watoto si kazi. Kisha mmoja akabaki siku moja, zamu ya bibi yake. Jioni hakusema tena hivyo.

Mu mkutano wenu ujao, muulizane maneno matatu: dawa zetu zinakaa wapi, na ufunguo uko kwa nani? Ni chumba gani kikavu kiko bure mchana? Ni nani ataanza zamu? Mkipata majibu kabla ya mvua ya kupanda, mtakuwa mmefanya kazi kubwa. Mimi, tangu siku ile, sifungui gunia la mbegu mbele ya mlango ulio wazi.