Fundi wa Tovuti Hujifunza Wapi?

Wazazi wa Tunduma wametuletea swali. Kijana amemaliza kidato cha nne, hakuendelea. Mchana anapakia mizigo kule mpakani, usiku anakesha na simu. Ukimwuliza anafanya nini, anajibu, "Najifunza kutengeneza tovuti." Je, hiyo ni kazi, au anatuzuga?

Ni kazi. Ila si kila anayekesha na simu anaifanya.

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha zilizowekwa ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana. Mtu mwenye intaneti, awe Vwawa au Lusaka, akiandika jina la tovuti hiyo anazisoma. Ni kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ila msomaji yuko mbali.

Mpango huo ulibuniwa mwaka 1989 na Mwingereza, Tim Berners-Lee. Alikuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kumbe hata huko mambo yalianzia mpakani! Chuoni hakusomea kompyuta. Alisomea fizikia, akamaliza mwaka 1976, na akiwa mwanafunzi alijiundia kompyuta kwa kutumia televisheni kuukuu. Lakini tusimpambe mno: baba na mama yake walikuwa wataalamu wa kompyuta, kwa hiyo hakuanzia gizani. Mwaka 1993 CERN iliruhusu watu wote wautumie uvumbuzi huo bure. Ndiyo maana kijana wetu hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Anajifunza nini hasa? Kwanza anajifunza alama, ziitwazo HTML. Tuseme anataka neno "kahawa" lionekane jeusi, nene. Mbele ya neno anaweka herufi b katikati ya alama mbili zilizochongoka kama midomo ya ndege. Nyuma ya neno anarudia hivyo hivyo, ila kabla ya b anaongeza kamstari ka mshazari. Basi. Akisahau alama ya nyuma, maneno yote yanayofuata yanakuwa manene. Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tunajua jinsi nukta moja inavyoweza kuharibu barua, kwa hiyo hapo hatushangai.

Na jambo hili wengi hawalijui: kujaribu kurasa hizo hakuhitaji bando. Anaandika kwenye simu au kompyuta yake, anahifadhi, anafungua, anaona kosa, anarekebisha. Simu inatosha kwa kuanzia, japo vidole vinachoka. Baadaye atahitaji kompyuta, hata iliyotumika.

Hebu tuangalie Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 palitokea fujo, watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo: iwepo ramani ambayo wananchi wataonyesha mahali penye fujo. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, alishiriki kuiunda kwa siku chache tu, Januari 2008. Tovuti ikaitwa Ushahidi. Watu walituma habari hata kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2010 mpango huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwenye wazo hakuwa fundi, naye fundi alihitaji mtu mwenye shida ya kweli.

Na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Wanajua alama, hawana mteja. Songwe wateja wapo: wakala wa mizigo, nyumba ya wageni, anayepokea watu wanaokuja kuona Kimondo cha Mbozi. Kijana aanze na mmoja, hata kwa malipo kidogo, apate kazi ya kumwonyesha wa pili.

Nanyi mnaolipa, mjihadhari. Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kilitengenezewa tovuti na kijana mmoja. Kazi ilikuwa nzuri, hatusemi uongo. Lakini jina la tovuti alilisajili kwa jina lake, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Akahama, simu haipokelewi. Bei za msimu uliopita zikabaki pale, wanunuzi wakatupigia wakizidai! Hatukuwa na la kufanya. Tukaanza upya na jina jingine linaloishia na .tz, lililosajiliwa kwa jina la kikundi. Neno la siri analo katibu na mweka hazina.

Jina hilo hulipiwa ada kila mwaka, usipolipa linapotea. Tarehe ya kulipa tumeiandika kwa chaki ukutani, penye mtambo wa kumenya kahawa, chini ya bei ya mbolea.